Milango ya vinia jikoni: kuisafisha na kuitunza katika hewa ya Unguja na Pemba

Milango mingi ya vinia ninayoitwa kuitazama imeharibiwa na usafi wenyewe. Mwenye nyumba ni mtu nadhifu. Kila Ijumaa asubuhi anachota ndoo, anatia sabuni ya unga, anasugua milango ya makabati kama anavyosugua sakafu, kisha anamalizia kwa dodoki linalochuruzika maji. Masika mawili yakipita, ukingo wa chini unafumuka, rangi inapauka, na lawama anatupiwa seremala. Wakati mwengine seremala kweli anastahili lawama, na hilo nitalifikia mwishoni.

Vinia ni ganda la mbao ya kweli, la mkongo, mninga, msaji au mti mwengine, lililokatwa jembamba sana, mara nyingi kiasi cha nusu milimita, na kubandikwa kwa gundi juu ya ubao wa bei nafuu: MDF, plaiwudi au chipubodi. Juu ya ganda hilo hupakwa vanishi au laka. Kwa hiyo unapofuta mlango, kitambaa chako kinagusa vanishi tu. Chini ya vanishi kuna nusu milimita ya mbao, chini yake gundi, na chini ya gundi, kama ubao ni MDF, kuna nyuzi za mbao zilizosagwa na kushindiliwa, ambazo zikinywa maji huvimba na hazirudi tena zilivyokuwa. Uso wa mlango una kinga nzuri. Maji huingilia ukingoni, kwenye matundu ya skrubu na nyuma, na huko ndiko kunakohitaji kulindwa.

Tambua kwanza mlango wako ni wa nini

Fungua mlango mmoja, utazame ukingo wa juu, ule usioonekana mlango ukiwa umefungwa. Mbao nzima utaijua kwa kuwa mistari yake inatoka usoni na kutokezea kwenye kichwa cha ubao. Mlango wa vinia una ukanda uliobandikwa ukingoni, au utaona matabaka ya plaiwudi, au ubao wa kahawia usio na mistari yoyote, ambao ndio MDF. Aina ya tatu ni karatasi au plastiki iliyochapwa picha ya mbao. Hiyo hujitoa yenyewe: tafuta jicho la mti kwenye mlango mmoja, kisha kagua milango mingine. Ukilikuta jicho lilelile, umbo lilelile, hiyo ni picha. Karatasi haistahamili msasa, lakini maelekezo ya kusafisha yaliyo hapa chini yanaifaa pia.

Halafu fanya jaribio la tone. Dondosha tone moja la maji pahala pasipoonekana sana, subiri dakika tano, kisha lifute. Likiwa limekaa juu na pahala hapo hapajabadilika, vanishi ni nzima. Pakiwa pamekoza rangi, vanishi imechoka na mbao inakunywa. Mlango kama huo ufute kwa kitambaa kikavu tu mpaka utakapopakwa upya. Rudia jaribio karibu na mpini na kwenye kabati la chini ya sinki, maana huko huchoka kabla ya kwengine kote.

Vitu vya kuweka tayari

Vitambaa vitatu vya pamba (fulana kuukuu ni bora kuliko kanga mpya, ambayo huweza kutoa rangi), sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, bakuli mbili, mswaki laini uliokwisha kazi yake, na vijiti vya meno. Basi. Chupa za dawa ya kung'arisha fanicha zinazouzwa madukani sizipendekezi kwa jikoni. Nyingi zina silikoni, na siku utakapotaka kupaka vanishi upya, vanishi itakataa kushika na kuacha vijishimo.

Jengine ni maji yenyewe. Visima vyetu vingi vimechimbwa katika mawe ya matumbawe, kwa hiyo maji yake yana chokaa, na karibu na pwani huwa na chumvi pia. Yakijikaukia juu ya vanishi ya rangi ya giza huacha vidoa vyeupe. Kama birika lako linajenga ukoko mweupe ndani, maji ya kufutia mara ya mwisho yawe ya mvua, au kausha papo hapo bila kusubiri.

Vya kuviweka mbali ni stilwaya, upande mgumu wa kusugulia wa sponji ya vyombo, sabuni ya unga, jiki, dawa za vioo zenye amonia, thina na mafuta ya taa. Stilwaya ina ubaya mara mbili. Kwanza inakwaruza vanishi. Pili, vipande vyake vidogo hubaki kwenye vinyweleo vya mbao na kuota kutu, na kutu ikikutana na tanini iliyomo ndani ya mbao hufanya doa jeusi ambalo haliondoki kwa kufuta. Mafuta ya taa ni mazoea ya wazee wetu, ambao walikuwa na fanicha za mbao nzima na majiko ya nje. Kuyapaka kwenye mlango ulio hatua mbili kutoka kwenye moto ni kutafuta balaa. Mafuta ya nazi hayana hatari hiyo, ila hayakauki: siku ya kwanza mlango unameremeta, wiki ya pili unanata, mwezi ukiisha una vumbi lililoshikana na harufu ya kuchacha.

Kufuta kwa kila siku na kwa kila wiki

Kwa kila siku sharti ni moja: kilichorukia kifutwe kabla hakijakauka, kisha pakaushwe. Mchuzi wa nazi, ukwaju, maji ya samaki, chai, vyote hutoka kirahisi vikiwa vibichi.

Mara moja kwa wiki fanya hivi:

1. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, ukianzia makabati ya juu. Vumbi likilowa na kusuguliwa hugeuka msasa.

2. Tia matone mawili matatu ya sabuni katika kiasi cha lita moja ya maji ya uvuguvugu. Povu jingi halisafishi zaidi, linakuongezea kazi ya kusuuza tu. Bakuli la pili liwe na maji matupu.

3. Chovya kitambaa cha kwanza na ukikamue hasa. Kibinye kiganjani: kiganja kikiachwa na unyevu bila tone, kiko tayari. Kikidondosha, kamua tena.

4. Futa kwa kufuata mistari ya mbao, mlango mmoja baada ya mwengine. Usipakae sabuni milango yote kisha ukarudi kusuuza, kwa sababu maji yanapata nafasi ya kukaa.

5. Suuza kwa kitambaa cha pili kilichokamuliwa vilevile. Sabuni ikibaki huacha utando ambao mafuta mapya hung'ang'ania.

6. Kausha kwa kitambaa cha tatu, na umalizie na ukingo wa chini, ambako kila tone hushukia.

7. Acha milango wazi kwa nusu saa, dirisha likiwa wazi pia.

Milango yenye fremu ina pembe ambazo kitambaa hakifiki. Huko tumia mswaki wenye unyevu kidogo, au kijiti cha meno kilichozungushiwa kitambaa. Sehemu ya kuzunguka mpini ifutwe kwa uangalifu zaidi, kwa sababu jasho na mafuta ya mikono hula vanishi polepole.

Usinyunyizie kitu chochote moja kwa moja kwenye mlango. Nyunyizia kitambaa. Na mashine za kusafishia kwa mvuke zinazotangazwa sana siku hizi hazifai kabisa kwa vinia: zinapeleka joto na maji kwa pamoja palepale gundi ilipo.

Mafuta yaliyoganda, na mwezi wa Ramadhani

Jiko la Kizanzibari hukaanga mwaka mzima, lakini Ramadhani ni habari nyengine. Sambusa, katlesi, bajia, kaimati, kila alasiri, mwezi mzima. Mvuke wa mafuta hupanda, hukutana na milango ya juu iliyo baridi zaidi, na kukaa. Ikifika Idi kuna utando wa manjano unaonata. Ndipo watu wanapochukua visu na stilwaya, siku moja kabla ya wageni, na kuharibu kwa saa moja kazi ya miaka.

Njia ya kuepuka hayo ni kubadili ratiba kwa mwezi huo. Milango miwili mitatu iliyo karibu na jiko ifutwe kwa sabuni na kukaushwa kila baada ya siku moja au mbili, baada ya futari, mafuta yakiwa bado laini. Mingine ibaki kwenye utaratibu wa wiki. Na juu ya makabati, pale pasipotazamwa na mtu, tandika magazeti. Mafuta na vumbi vitatua hapo, na kila baada ya miezi michache unayakunja na kuyatupa.

Utando ukiwa umeshaganda, usiongeze nguvu, ongeza muda. Chovya kitambaa katika maji ya uvuguvugu yenye sabuni zaidi kidogo ya kawaida, kikamue, kisha kilaze juu ya pahala hapo kwa dakika moja tu. Kiondoe, futa kwa kufuata mistari, kausha. Subiri dakika kumi, rudia. Mara tatu nne za kazi nyepesi huondoa mafuta ambayo kusugua mara moja kwa hasira hakuyaondoi.

Kikibaki kinachonata, tumia tapentaini kidogo kwenye kitambaa. Jaribu kwanza nyuma ya mlango: kitambaa kikitoka na rangi ya mbao, au vanishi ikalainika, acha hapo hapo. Zima moto wote, wa gesi na wa mkaa, fungua madirisha, futa haraka, kisha pitisha kitambaa cha sabuni na ukaushe. Kitambaa chenye tapentaini kitandazwe nje kikauke. Usikifinyange na kukitupa kwenye pipa la jikoni.

Magadi watu wengi huyasifu. Kwa sufuria, sawa. Kwa vinia ninayakataa, maana chembe zake huondoa mng'aro, na mlango mmoja utabaki umefifia katikati ya ndugu zake wanaong'aa.

Manjano

Doa la manjano, yaani kile kiungo cha mchuzi, linatisha zaidi ya lilivyo. Likiwa bichi lifute mara moja kwa kitambaa chenye unyevu, kwa kuligonga na kuliokota badala ya kulitandaza. Usishtuke likigeuka jekundu ulipotia sabuni. Aliyewahi kufua kanga yenye mchuzi ameshaliona jambo hilo: rangi ya manjano ikikutana na alkali ya sabuni huwa nyekundu, na ikipata tindikali kidogo hurudi njano. Kitambaa chenye maji na matone machache ya ndimu kinatosha, kisha suuza na ukaushe.

Kivuli cha njano kinachobaki kiachie mwanga. Rangi ya manjano hufifia juani. Acha mlango wazi uelekee dirishani kwa siku kadhaa na doa litapungua lenyewe. Lakini usiung'oe mlango kuuanika uani saa sita mchana, kwa sababu joto hilo litaumenya vinia.

Masika, vuli na ukungu

Masika ya kuanzia Machi hadi Mei, na vuli ya Oktoba hadi Disemba, ndiyo misimu inayopima makabati. Hata nje ya mvua hewa yetu ina unyevu mwingi. Mji Mkongwe kuna jambo la ziada: kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji na kuyatoa polepole, pamoja na chumvi. Kabati lililogandamizwa kwenye ukuta huo litaota ukungu mgongoni hata kama mbele linameremeta. Acha nafasi ya sentimita mbili au tatu kati ya kabati na ukuta, na kabati la chini lisimame juu ya miguu, lisikalie sakafu.

Ukungu huanza kama vumbi la kijivu au la kijani upande wa ndani wa milango, kwenye makabati yasiyofunguliwa mara kwa mara, yale ya sahani za wageni. Usiupanguse ukiwa mkavu, utausambaza jikoni kote na utauvuta puani. Funga pua kwa kitambaa au barakoa, fungua madirisha, ufute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni kilichokamuliwa, ukigeuza upande safi kila mara. Kisha pitisha siki iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, suuza baada ya dakika chache na ukaushe vizuri. Siki isiachwe ijikaukie, inaweza kufifisha mng'aro.

Jiki hapana. Inapausha mbao palipo na mwanya kwenye vanishi, na ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, ambayo ni sumu. Katika jiko dogo lenye dirisha moja hilo si jambo la kujaribu.

Baada ya kufuta, tafuta sababu. Taulo lenye maji linalotundikwa juu ya mlango wa sinki? Bomba linalovuja tone moja moja nyuma? Ndoo za maji ndani ya kabati, desturi ya nyumba ambazo mfereji hautoki kila siku? Ukungu uliofutwa bila kuondoa unyevu unarudi wiki mbili zijazo, ukiwa mzuri zaidi.

Wengi, Pemba hasa, huweka karafuu kavu ndani ya makabati kwa ajili ya harufu na wadudu. Hakuna ubaya, ziwe ndani ya kifuko cha kitambaa. Mafuta ya makonyo, yale yanayotolewa kwenye vikonyo vya karafuu, ni kitu chengine: ni makali, yanaweza kulainisha vanishi na plastiki. Yasipakwe kwenye mlango.

Ukiona vitundu vidogo na unga laini unaanguka chini yake, mbao inabunguliwa. Ukiona njia za udongo zinapanda ukutani, ni mchwa. Yote mawili yanataka mtu wa dawa, na siku hiyohiyo.

Joto, mvuke, na karatasi ya imsakia

Ukanda wa ukingoni mara nyingi hubandikwa kwa gundi inayoyeyuka kwa joto. Joto lililoibandika ndilo linaloweza kuibandua. Jiko la mkaa likiwekwa chini ya kabati la juu, au sufuria ya wali iliyopaliwa makaa ikiegemezwa karibu na mlango, ukanda utaachia. Vivyo hivyo birika la umeme: mvuke wake unatoka juu moja kwa moja na kukutana na ukingo wa chini wa kabati. Lisogeze mbele unapolichemsha, likimaliza lirudishe. Kwa sufuria, funika, na ufungue kifuniko ukikielekeza upande wa dirisha.

Doa jeupe linaloachwa na mvuke kwa kawaida ni unyevu uliokwama ndani ya vanishi, halijafika kwenye mbao. Mara nyingi likiachwa katika hewa kavu kwa siku chache hutoweka. Usikimbilie msasa.

Halafu kuna karatasi. Imsakia ya Ramadhani (ratiba ya nyakati za kufunga na kufuturu), ratiba ya skuli, kalenda, vyote hubandikwa kwa selotepu kwenye mlango wa kabati. Mwaka mmoja baadaye ukiibandua, inatoka na vanishi, na nyuma yake kuna mraba wenye rangi tofauti kwa sababu mwanga haukufika hapo. Kama imeshakaa, ipashe moto kwa mashine ya kukaushia nywele iliyo mbali kidogo, kisha ivute taratibu huku ukiilaza, isivutwe kuja kwako. Gundi iliyobaki inalainika kwa tone la mafuta ya kupikia. Ifute, kisha osha mafuta kwa sabuni. Mwakani ibandike ukutani.

Ukingo ulionyanyuka au tumbo la hewa

Kila baada ya miezi mitatu minne pitisha ukucha ukingoni na ugonge uso wa mlango kwa kifundo cha kidole. Panaposikika uwazi ndani, vinia imeachia. Ikiwa kipande kimenyanyuka lakini hakijavunjika, unaweza kukirudisha mwenyewe, almradi ubao wa ndani haujavimba.

Anza na njia ya pasi, ambayo hufaa kama gundi ya kiwandani ni ile ya kuyeyuka. Safisha uwazi kwa mswaki mkavu. Weka kitambaa cha pamba juu, pasi iwe na joto la wastani bila mvuke, ibonyeze kwa sekunde chache, iondoe, kisha kandamiza kwa kipande cha ubao laini mpaka papoe. Hapa ndipo watu hukosea: wanaondoa mkono pakiwa bado moto, na gundi inashika ikiwa imenyanyuka.

Pasi isipofaa, tumia gundi nyeupe ya mbao. Chagua iliyoandikwa D3 kwenye chupa, ambayo inastahamili unyevu kuliko ya kawaida. Ipenyeze kwa kisu chembamba au kijiti cha meno, bonyeza, futa inayotoka kwa kitambaa chenye unyevu, weka nailoni juu ili ubao wa kukandamizia usigandie, halafu funga kwa jiriwa ndogo au tepu ya rangi na uache mpaka kesho yake.

Tumbo katikati ya mlango linahitaji wembe. Kata mstari mmoja mfupi kufuata mistari ya mbao, si kuikatiza. Ingiza gundi kidogo kwa bomba la sindano jipya la duka la dawa, bonyeza kutoka pembeni kuelekea kwenye mkato ili ziada itoke, futa, weka nailoni, na ukandamize kwa ubao na uzito. Mkato uliofuata mistari huonekana kwa anayeujua tu.

MDF iliyovimba haitengenezeki kwa gundi. Unaweza kuipiga msasa na kuipaka, lakini itavimba tena. Mlango huo agiza mwengine.

Bawaba

Hewa ya chumvi hula bawaba kabla ya mbao. Zifute kwa kitambaa kikavu, tia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kiungo, futa ziada. Mlango uliolala na kukwaruza mwenzake unamenya ukingo kila unapofunguliwa, kwa hiyo kaza skrubu mapema. Skrubu inayozunguka bila kushika, itoe, jaza tundu kwa vijiti vya meno vilivyopakwa gundi ya mbao, acha vikauke, kata vilivyozidi, rudisha skrubu. Ukibadilisha, nunua za chuma kisichoshika kutu, hata kama bei inauma.

Kupaka vanishi upya

Tone likishaanza kunyweka, umefika wakati. Chagua siku kavu: kipupwe cha Juni hadi Agosti ni kizuri, na kiangazi cha Januari na Februari pia. Vanishi iliyopakwa siku ya mvua hunasa unyevu na kuwa na ukungu mweupe ndani yake.

Ng'oa milango na uiandike namba nyuma, kwenye kivuli cha bawaba, ili kila mmoja urudi kwake. Isafishe kwa sabuni, na iache siku nzima ikauke. Kisha piga msasa namba 320 kwa mkono, kufuata mistari, kwa wepesi, mpaka mng'aro wa vanishi uondoke tu. Msasa wa mashine usiuguse mlango wa vinia. Kumbuka ile nusu milimita: mashine inaimaliza pembeni kabla hujahamisha mkono, na chini yake ni MDF ambayo hakuna rangi itakayoificha. Futa vumbi lote.

Paka tabaka jembamba, liache likauke kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, pitisha msasa kidogo tena, paka la pili. Matabaka mawili matatu membamba hushinda moja zito. Vanishi isiyojulikana ni ya aina gani ijaribu nyuma kwanza, kwa sababu laka juu ya vanishi ya zamani inaweza kuikunja. Vitambaa vyenye vanishi ya mafuta vitandazwe nje vikauke kabla ya kutupwa, maana vikikunjwa vinaweza kupata joto na kuwaka vyenyewe.

Kisiwa hiki kina historia ndefu na vanishi kuliko wengi wanavyojua. Katika karne ya 19 sandarusi, utomvu wa miti ulioganda, iliyochimbwa pwani ya bara ilipitia bandari ya Unguja kwenda mpaka Salem, Massachusetts, Marekani, kutengenezewa vanishi. Tuliwauzia wenzetu kinga ya fanicha zao, sisi tukabaki na mafuta ya nazi.

Unapopokea milango mipya

Sasa ile lawama ya seremala. Akiharakishwa, hupaka vanishi uso wa mbele matabaka matatu, nyuma tabaka moja, na ukingo wa chini hapaki kabisa kwa sababu hakuna atakayeinama kuutazama. Mlango uliopakwa upande mmoja hunywa unyevu upande wa pili na kujikunja, na ukingo mtupu ndio mlango wa maji. Mueleze mapema, wakati wa kupatana bei, kwamba unataka pande zote sita zipakwe sawasawa, pamoja na ndani ya tundu la bawaba. Siku ya kukabidhiwa, kabla hujamalizia malipo, pitisha kidole chini ya kila mlango. Ukisikia kunakwaruza kama ubao mkavu, mwambie kwa heshima, "Fundi, huku bado," naye ataelewa. Pesa iliyobaki mkononi mwako ndiyo itakayomrudisha na brashi.